Kitwitwi wa Mida anazaliwa Taimyr

Kiota cha kitwitwi hapa Mida, huu mkono wa bahari wenye mikoko karibu na Watamu, Pwani ya Kenya, hujawahi kukiona na hutakiona, hata ukae kwenye mikoko mwaka mzima, manake hawa ndege wadogo wa kijivu wanaokimbiakimbia kwenye matope maji yakipwa hawatagi huku kwetu kabisa. Huku wanakuja kula, kubadilisha manyoya na kujaza mafuta mwilini. Kutaga wanaenda juu kabisa ya dunia, kwenye tundra ya Aktiki, na kwa wengi wa hawa tunaowaona sisi huku Pwani hiyo tundra ni ya Siberia kaskazini, Urusi, hasa rasi ya Taimyr, ile nchi inayochomoza juu kabisa ya bara la Asia mpaka kwenye bahari ya barafu. Kutoka Watamu mpaka kule ukipiga mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 9,000, na huyu ndege ana uzito wa gramu 60 hivi, na anaenda na kurudi kila mwaka.

Kuna mzee mmoja mvuvi, anatega kaa huku ndani karibu na mikoko, kila kaskazi ikikaribia lazima aniulize. Shikamoo haijaisha vizuri ashasema, "Mwanangu, mbona ndege wako mwaka huu wachache?" au mwaka mwingine, "Mwanangu, mwaka huu wamejaa hivi, kumetokea nini?" Wenzangu wa rika langu wao jibu wanalo tayari, ukiwauliza ndege wamepungua kwa nini watakwambia ni mikoko inakatwa, ni hoteli, ni plastiki, ni watu kuchimba chambo kila mahali. Hayo yapo na yananiuma. Lakini ile panda shuka ya mwaka hadi mwaka, yaani mwaka juzi walikuwa wengi, mwaka huu wachache na mwakani wanajaa tena, hiyo mara nyingi haianzii Mida. Inaanzia kwenye wiki chache za mwezi wa sita na wa saba kule Taimyr, na wanaoamua ni theluji, wadudu, na kitu ambacho hakuna mtu anayekitarajia, panya.

Hebu kwanza tuione hiyo tundra. Ni nchi tambarare isiyo na msitu, mti wake mrefu pengine unakufika kwenye kifundo cha mguu kwa sababu unatambaa chini ukikimbia upepo. Udongo wa juu kidogo tu ndo unayeyuka wakati wa joto, chini yake ardhi imeganda mwaka mzima na haiyeyuki. Sasa maji ya theluji yakiyeyuka hayana pa kwenda, hayawezi kuzama, yanabaki juu juu, ndo maana nchi ambayo mvua yake ni kidogo sana inageuka madimbwi na vinamasi kila upande. Kwa ndege wa majini hiyo ni karamu. Alafu jua kule halizami kwa zaidi ya miezi miwili, kwa hiyo mtu anaweza kula usiku na mchana bila kusubiri kupambazuke. Na wanyama wanaowinda ni wachache kuliko huku chini. Kuna watafiti walipanga viota vya uongo vyenye mayai ya kware kwenye Aktiki ya Canada, kutoka kusini mpaka kaskazini kabisa, umbali wa kilomita zaidi ya 3,000, wakakuta kila ukipanda kaskazini hatari ya yai kuliwa inapungua, na tofauti ya mwanzo na mwisho wa mstari ilikuwa asilimia 65. Hayo yalitoka mwaka 2010 kwenye jarida la Science na kwangu mimi ndo jibu zuri kuliko yote nililowahi kusoma la kwa nini ndege ajisumbue kuruka umbali wote ule.

Lakini hiyo karamu ina mlango mwembamba sana. Vitwitwi wanafika Taimyr nusu ya kwanza ya mwezi wa sita, wakati theluji bado imetanda, kuna mabaka tu ya ardhi iliyofunuka, sanasana kwenye vilima ambako upepo umepeperusha theluji. Wanakula pembeni mwa mabaka hayo, wanangoja. Na hapa kuna jambo la maana. Zamani watu walidhani hawa ndege wanabeba akiba ya mafuta na protini kutoka huku kwenye fukwe za kusini na kutengenezea mayai wakifika. Mwaka 2001 kundi la wanasayansi wakapima kaboni iliyomo kwenye mayai na manyoya ya vifaranga wa ndege wa ufukweni wa jamii hii kule Greenland na Canada, kwa sababu kaboni ya chakula cha baharini ni tofauti na ya chakula cha tundra, wakakuta yai limetengenezwa na chakula cha tundra. Yaani mama anafika akiwa mtupu kwa upande wa mayai, inabidi ale palepale, siku zilezile, kwenye kile kibaka cha ardhi kisicho na theluji. Theluji ikichelewa kuondoka hakuna pa kula, na asipokula hakuna yai. Bata bukini wa kule wao wana mwili mkubwa na wanafika na akiba kiasi, kwa hiyo mwanzo wa msimu wanajimudu kidogo.

Theluji ikichelewa kuna ubaya mwingine pia. Ndege wote wanabanana kwenye vile vipande vichache vilivyokauka, viota vinakuwa karibu karibu, na mbweha naye anajua hivo vipande viko wapi, hana haja ya kuzunguka, anapita tu anakusanya.

Sasa hesabu ya siku. Yai la kwanza katikati ya mwezi wa sita, mayai manne, ndo kawaida yao karibu wote, yamechongoka upande mmoja na wanayapanga ncha zikiangalia ndani. Kuatamia siku 20 hivi. Kwa hiyo kifaranga anatoka mwanzo wa mwezi wa saba au katikati, anahitaji wiki mbili mpaka tatu aweze kuruka, na mwezi wa nane baridi inarudi. Ukipoteza kiota mapema unaweza kujaribu tena, lakini ukikipoteza mwezi wa sita unapoisha hapo msimu umekwisha, hata utage leo kifaranga wako hatakua kabla wadudu hawajatoweka.

Kila aina ina ujanja wake wa kupita kwenye huo mlango na hii sehemu naipenda sana. Kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, ambaye wataalamu wanamwita Calidris ferruginea na ndo mmoja wa wale wanaojaa Mida na kwenye mdomo wa mto Sabaki, dume lake likishampanda jike linaondoka. Halikai kwenye mayai, halilei. Jike peke yake anaatamia na kulea. Kusema kweli mwanzoni hilo lilinikera lakini ukifikiria, chakula ni kidogo na dume kuondoka kunaacha wadudu wengi zaidi kwa mama na watoto. Ndo maana wa kwanza kufika huku kwetu, mwisho wa mwezi wa saba na kwenye wa nane, huwa madume wakubwa bado wana mabaka mekundu ya matofali kifuani, alafu wanafuata majike, alafu ndo watoto mwezi wa tisa na wa kumi. Watoto wanakuja wenyewe, hakuna mzazi wa kuwaonyesha njia. Kitwitwi mdogo kabisa, yule wa gramu 25 hivi ambaye mpaka Nakuru na Magadi wako, yeye jike anataga mara mbili haraka haraka, mayai ya kwanza manne anayaatamia mmoja wa wazazi na ya pili mwingine, kila mtu na kiota chake. Na mayai manne ya yule ndege ukiyapima uzito wake unakaribia uzito wa mama mwenyewe. Mama anakula wadudu wa tundra siku chache tu na kutoa mwili wa pili kama wake. Mara mbili!

Vifaranga nao wanatoka wakiwa na manyoya mororo na macho wazi, siku hiyohiyo wanaanza kudonoa wadudu wenyewe, mama hawalishi. Anachowapa ni joto. Wakiwa wadogo miili yao haijaweza kujipasha, wanakimbia wanakula kidogo, wanarudi chini ya tumbo la mama wanapata moto, wanatoka tena. Siku yenye jua inakwenda vizuri. Siku ikiwa na upepo wa baharini na mvua ya barafu, na kule theluji kuanguka mwezi wa saba si ajabu, wanakaa chini ya mama muda mrefu, na ule muda mfupi wanaotoka wadudu nao hawaonekani kwa sababu mdudu naye kwenye baridi harushi bawa. Wanapata pigo mara mbili kwa baridi ileile. Siku chache za hivo zikifuatana kwenye wiki ya kwanza ya maisha, unapoteza watoto wengi bila hata mbweha kugusa mtu.

Hao wadudu wenyewe wana mambo. Wengi ni jamaa za mbu wasiouma, na wale wenye miguu mirefu kama nyuzi. Funza wao wanaishi kwenye matope ya madimbwi na udongo wa unyevu, wanakua polepole mno kwa sababu ya baridi, kule Barrow huko Alaska, mji ambao siku hizi unaitwa Utqiaġvik, kuna mdudu ambaye funza wake anakaa kwenye dimbwi miaka 7 kabla ya kutoka na mabawa. Miaka 7 kwenye tope lililoganda, alafu wanatoka wote pamoja kwa siku chache, angani kunakuwa kama moshi. Kifaranga aliyetoka kwenye yai wakati huo ana bahati. Aliyechelewa wiki mbili anakuta mabaki.

Sasa tuje kwa panya, na hapa nitakaa kidogo.

Kule Taimyr kuna panya wanene wenye mkia mfupi wanaoitwa lemingi. Wanaishi chini ya theluji majira ya baridi, wanakula mimea huko chini na hata kuzaliana hukohuko kwenye giza. Idadi yao inapanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka mitatu mpaka minne hivi. Mwaka wa kilele unakuta lemingi kila unapokanyaga, mwaka unaofuata wanaanguka unaweza kutembea siku nzima usimwone hata mmoja. Na wanyama wote wanaokula nyama wa nchi ile wamejipanga kwa lemingi, mbweha wa Aktiki, bundi mweupe mkubwa, mwewe wa miguu yenye manyoya, na skua, ndege wa baharini anayepora. Kuna aina moja ya skua ambayo mwaka usio na lemingi haitagi kabisa, inapita tu na kuondoka zake.

Mwaka wa lemingi wengi ni kama dagaa wakijaa baharini, kila mwenye meno anakula hukohuko na samaki wengine wanapumua. Mbweha anakula lemingi mpaka anachoka, ana watoto wengi shimoni, viota vya ndege anavipita tu. Vitwitwi wanalea, bata bukini wanalea, mwezi wa tisa watoto wanatiririka kuja kusini. Alafu lemingi wanaanguka. Mbweha wote wale waliozaliwa mwaka wa neema bado wapo, wana njaa, na chakula pekee kilichobaki kwenye tundra nzima ni mayai na vifaranga. Mwaka huo mbweha wanapita nyanda zile wakila kiota baada ya kiota, na kuna sehemu hakibaki hata kimoja. Baadaye mbweha nao wanapungua, lemingi wanapanda tena, mzunguko unarudi.

Watu waliligundua hili wakiwa mbali sana na Taimyr, na ndo maana nasema sisi wa huku tuna nafasi kwenye hii habari. Miaka ya 1970 na 1980 watu waliokuwa wakihesabu ndege Uholanzi, Uingereza na Afrika Kusini waliona kwamba idadi ya watoto wa kitwitwi yule wa mdomo uliopinda, na idadi ya watoto wa bata bukini weusi, zinapanda na kushuka pamoja. Hawa bata bukini wanataga Taimyr lakini wanakaa Uholanzi, Uingereza na Ufaransa wakati wa baridi, wakati kitwitwi anakuja Afrika. Hawakutani kusini. Chakula chao hakifanani, bata anakula majani na kitwitwi anakula wadudu na minyoo. Kitu pekee wanachoshiriki ni kutaga nchi moja na mbweha mmoja. Walipoweka hesabu zao kando ya taarifa za lemingi kutoka Siberia zikaoana. Bata bukini wale mwaka mbaya unaweza kuangalia kundi kubwa usione karibu mtoto yeyote, mwaka mzuri watoto wanakaribia nusu ya kundi.

Na bata bukini wana akili yao. Wanatafuta kiota cha bundi mweupe, wanataga karibu yake. Bundi ni mwindaji lakini anapolinda kiota chake hamruhusu mbweha kusogea, anamshukia kichwani kwa kucha, kwa hiyo bata anapata ulinzi wa bure. Shida ni kwamba bundi naye anataga mwaka wa lemingi wengi tu. Lemingi wasipokuwepo bundi hayupo, na mlinzi anakosekana mwaka uleule anaohitajika zaidi. Ndo maana bata wengine wanapenda visiwa vidogo, mbweha hafiki barafu ikishavunjika. Ikichelewa kuvunjika, anatembea juu yake mpaka kisiwani.

Tangu miaka ya 1990 wanasayansi wawili wa Urusi, Mikhail Soloviev na Pavel Tomkovich, wamekuwa wakikusanya taarifa za kila msimu kutoka kwa watafiti waliotapakaa Aktiki nzima, Urusi, Alaska, Canada, Greenland. Maswali ni ya kawaida kabisa: masika ya kule, yaani wakati theluji inapoyeyuka, yalikuja mapema au yalichelewa, lemingi walikuwa wengi au wachache, mbweha je, ndege walifaulu au walishindwa. Mimi kazi za namna hii nazithamini kuliko hata tafiti kubwa kubwa, kwa sababu unapata picha ya dunia nzima ya juu kwa mwaka mmoja, na unaona kwamba mwaka mbaya Taimyr unaweza kuwa mzuri Alaska.

Mwaka mbaya unaweza kuwa mbaya kiasi gani? Chukua 2018 kule Zackenberg, kaskazini mashariki ya Greenland, ambako kuna kituo cha utafiti kinachopima kila kitu tangu miaka ya 1990. Majira ya baridi yale theluji ilianguka nyingi kupita kiasi na ikakataa kuondoka. Mwezi wa sita ukaisha nchi bado nyeupe. Mimea mingi haikutoa maua wala mbegu. Mbweha hawakuzaa, ndama wa ng'ombe wa miski, wale wa Aktiki wenye manyoya marefu, walikuwa wachache sana, na ndege wa ufukweni karibu wote hawakutaga, na wale wachache waliotaga walichelewa mno hata vifaranga wakawa hawana muda. Katika zaidi ya miaka 20 ya kupima hawajawahi kuona nchi nzima ikishindwa namna ile. Baadhi ya vitwitwi weupe wanaotaga pale wanakuja pwani za Afrika Magharibi, kwa hiyo mtu aliyekaa ufukwe wa Ghana mwaka ule angeweza kukosa watoto wa ndege hao kwa sababu ya theluji ya Greenland.

Na watu wanashangaa, si mnasema dunia inapata joto, theluji nyingi inatoka wapi? Hewa ya joto inabeba unyevu zaidi, na unyevu ukifika kwenye baridi unaanguka kama theluji. Joto halileti masika ya mapema tu kila mwaka, linaleta kuyumba. Tena majira ya baridi mvua ikinyesha juu ya theluji inaganda, chini panakuwa na tabaka la barafu, lemingi wanashindwa kufikia chakula. Kuna sehemu za Norway na za Greenland ambako ule mzunguko wa lemingi ulidhoofika miaka ya 1990 na 2000, vilele vikapotea. Nikifikiria tundra isiyo na mwaka wa neema, mbweha wana njaa kila mwaka, moyo unaniuma kweli.

Hata pale masika yanapokuja mapema si lazima iwe nafuu. Kuna kitwitwi mkubwa mnene anayetaga Taimyr na kwenda kukaa Banc d'Arguin, Mauritania. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa miaka 33 theluji ya Taimyr imekuwa ikiyeyuka mapema, karibu nusu siku kila mwaka. Wadudu wanafuata theluji, wanatoka mapema, ndege hajawahi kuwahi kiasi hicho kwa sababu anaondoka Afrika bila kujua huko juu kukoje. Vifaranga wanakuta wadudu washapita, wanakua wadogo, na midomo inakuwa mifupi. Wakifika Mauritania, chaza wazuri wako chini kwenye tope, mdomo mfupi hauwafikii. Wengi wenye midomo mifupi walikufa huko, kwenye jua la Afrika, kwa kukosa chakula cha utotoni Siberia.

Hapo ndo nafika kwenye lile ninalomjibu mzee wangu kila mwaka. Hawa ndege wanajua kupoteza msimu. Mwaka wa mbweha ukija jike anapoteza mayai yote, anaondoka mapema, anarudi huku anakula, na mwaka unaofuata anajaribu tena. Wengi wao wanaishi miaka mingi, wapo wanaozidi 10, kwa hiyo wakipata misimu miwili mizuri katika maisha yao wameshajiziba pengo. Maisha yao yamejengwa hivo tangu zamani, kabla yetu. Ambalo hawawezi kulivumilia ni ndege mzima, yaani mkubwa aliyekomaa, kufa, kwa sababu ndege mzima ndo anayebeba mayai yote ya miaka inayokuja. Na ndege mzima miezi mingi ya mwaka hayuko Taimyr. Yuko Mida, yuko delta ya Rufiji, yuko Barr Al Hikman kule Oman ambako nusu milioni ya ndege wa ufukweni wanakaa majira ya baridi.

Ushahidi upo, na unatisha. Kitwitwi yuleyule wa mdomo uliopinda wako pia wanaotoka Siberia kwenda Australia, wanapumzikia bahari ya Njano kati ya China na Korea. Kule fukwe za matope zilijazwa udongo kujengwa bandari na viwanda, ndani ya miaka 50 sehemu kubwa ya matope yale yakapotea. Australia mwaka 2015 ikamweka huyu ndege kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Lemingi hawakubadilisha chochote hapo, ni ufukwe wa njiani ulioondoka. Na mwezi wa kumi 2024 orodha nyekundu ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ikampandisha huyuhuyu kuwa katika hatari duniani kote, pamoja na ndege mwingine wa matope, mkubwa kidogo mwenye macho makubwa meusi, wataalamu wanamwita Pluvialis squatarola, ambaye tumbo linakuwa jeusi tii kabla ya kuondoka mwezi wa nne. Wote wawili ni wa Mida. Kwa hiyo wale wenzangu wanaolalamika mikoko na plastiki wako sawa kabisa kwa muda mrefu, ila wasipime kwa mwaka mmoja, mwaka mmoja ni wa mbweha na lemingi.

Ukitaka kusoma ripoti ya Taimyr bila kwenda Taimyr, njoo Mida mwezi wa tisa mwishoni au wa kumi, masaa mawili kabla maji hayajajaa, wakati ndege wanasukumwa karibu. Darubini ya kawaida inatosha. Mtoto wa kitwitwi wa mdomo uliopinda manyoya ya mgongoni yamepangika safi, kila unyoya una ukingo mweupe kama magamba ya samaki, na kifuani ana rangi hafifu ya pichi. Mkubwa wakati huo amechakaa, kijivu kimechanganyika na mabaki mekundu. Hesabu watoto wangapi kwenye mia. Fanya haraka kwa sababu kufika Disemba wameshafanana na wakubwa na huwezi tena kutofautisha kirahisi.

Na kuna hesabu nyingine ambayo watu wachache huku wanaifanya, ya mwezi wa sita na wa saba. Wakubwa wote washaondoka na masika, lakini utakuta vikundi vimebaki kwenye matope wakati wa kusi, wa kijivu, hawana wekundu wowote. Watu wanadhani ni wagonjwa au wamechelewa. Wengi wao ni wale wa mwaka wa kwanza, waliozaliwa kiangazi kilichopita, hawaendi kaskazini mpaka wakue. Wakiwa wengi ujue mwaka jana tundra ilikuwa na lemingi. Afrika Kusini wamefanya hesabu hii kwa miaka mingi kwenye mkono wa bahari wa Langebaan na inafanya kazi. Huku kwetu A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, wamekuwa wakivalisha ndege pete pale Mida kwa muda mrefu, kwa hiyo ukimwona mwenye pete au kibendera mguuni andika rangi, mguu wa kulia au wa kushoto, juu ya goti au chini, na tarehe, alafu wapelekee.